Gari Likikataa Kuwaka Alfajiri

Kila Juni na Julai baridi ya Ufipa huumbua betri nyingi. Gari lililowaka vizuri jana katika bonde la Rukwa, leo alfajiri pale Sumbawanga halitikisiki. Watu husema baridi imeua betri. Sivyo. Joto la bondeni ndilo huichakaza. Baridi hufichua udhaifu wake tu, kwani hupunguza nguvu zake na kuifanya oili ya injini iwe nzito.

Basi, kabla ya kuita watu wasukume, washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vimeshika ungaunga mweupe. Taa zikibaki kali na injini kimya, tazama stata na nyaya zake. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, usiilaumu betri: tafuta mafuta, au cheche za plagi kama gari ni la petroli.

Kusafisha vichwa, zima gari, fungua kwanza waya wa hasi, nao uurudishe mwisho. Sugua kwa brashi, kaza sana, paka grisi. Usimulike kwa kibatari wala usivute sigara hapo: betri hutoa gesi inayolipuka, na tindikali yake huunguza macho.

Fundi akipima betri ya volti 12 iliyopumzika akaona chini ya 12, imekwisha nguvu. Iliyojaa huonyesha 12.6. Ipimwe Jumamosi mchana, si usiku ambapo mama ameshikwa na uchungu. Mgonjwa hangoji jua lipande.