Bukavu: Vidonge viwili vya sipro sokoni si matibabu

Mama anayeuguza mume wake homa ya matumbo anafika sokoni na franka chache. Muuzaji anamkatia vidonge viwili vya siprofloksasini, bila karatasi ya daktari, bila swali. Hiyo ni dawa ya siku moja, kwa ugonjwa unaodai siku saba ao zaidi!

Mikrobi ndani ya mgonjwa mmoja hazina nguvu sawa. Zile dhaifu zinakufa kwanza, homa inashuka, mtu anasema amepona. Chache zilizo sugu zinabaki na kuzaana, na mara nyingine zinapitisha usugu huo hata kwa mikrobi za aina nyingine. Ndiyo maana dawa ileile inamponya huyu na kumshinda jirani yake. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kuhusu dozi ndogo tangu 1945.

Kumlaumu mama ni bure. Ananunua kadiri ya mfuko wake. Lakini mtoza kodi anaifikia meza hiyo kila asubuhi. Mkaguzi wa dawa yuko wapi? Mgonjwa anaishia hospitalini, akiandikiwa sindano za seftriaksoni ambazo familia haina pesa ya kuzilipa.