Baridi Haitengenezwi, Joto Ndilo Huondolewa

Kuna amri moja isikikayo katika kila nyumba ya Mombasa iliyo na friji, kuanzia Mji wa Kale hadi Buxton na Tononoka: "Funga mlango, baridi inatoka!" Amri hiyo ni njema, na anayeitii huokoa umeme. Sababu iliyomo ndani yake, hata hivyo, ina walakini. Friji si ghala la baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani na kulitupa nje, na ndiyo maana mtu akipitisha mkono nyuma yake huhisi vuguvugu. Mlango ukifunguliwa hewa baridi humwagika kweli, lakini hasara yenyewe ni joto linaloingia, kwa kuwa mtambo utalazimika kulihamisha upya kwa umeme wa kulipiwa.

Msomaji aweza kuuliza mwanaisimu ana kazi gani na mafriji. Jawabu ni kwamba maneno tunayoyazoea hutuelekeza katika kufikiri hata pale tusipotambua. Tusemapo "kutia baridi", tunaifanya baridi kuwa kitu kinachotiwa, mithili ya chumvi katika mchuzi. Anayeiona baridi hivyo hudhani kwamba dawa ya upungufu wake ni kununua mtambo mkubwa zaidi. Anayejua kwamba adui ni joto huuliza kwanza linapenya wapi. Fikra hizi mbili zina gharama tofauti kabisa mwisho wa mwezi.

Hakuna mahali ambapo jambo hili hudhihirika kama katika viwanja vya kuteleza barafuni. Mombasa hatuna kiwanja cha namna hiyo, lakini Kenya si mgeni wa mchezo huo. Mwaka 2005 kilifunguliwa kimoja katika hoteli ya Panari jijini Nairobi, tena katika barabara iitwayo Barabara ya Mombasa. Hapo ndipo ilipokulia timu ya hoki ya barafu ya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu.

Chini ya sakafu ya kiwanja kama hicho hupitishwa mabomba yenye kimiminika kilichopozwa hadi chini ya sifuri. Juu yake hugandishwa maji, tabaka baada ya tabaka, hadi kupata unene wa sentimita tatu hivi. Kuanzia hapo vita havikomi, kwani joto hutoka katika hewa, taa, paa na miili ya wachezaji. La ajabu ni kwamba joto jingine huletwa na wenye kiwanja wenyewe. Viatu vikishaikwaruza barafu, mashine hupita kuiparuza na kuimwagia maji mapya, na kwa desturi maji hayo huwa ya moto, yapata nyuzi 60 za Selsiasi. Huchaguliwa ya moto kwa sababu huyeyusha mikwaruzo na kushikamana vyema na barafu ya chini, tena huwa na hewa kidogo ndani yake, hivyo huganda yakawa magumu na maangavu.

Na tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Kupoza kilo moja ya maji kutoka nyuzi 60 hadi sifuri ni kuondoa kilojuli 251. Kuyagandisha maji hayo, bila kuyashusha hata nyuzi moja zaidi, ni kuondoa nyingine 334. Jumla ni 585. Maji yale yale yakianza kwa nyuzi 20, jumla ni 418. Mtambo wa kupoza umepunguziwa zaidi ya robo ya kazi yake, na umeme wa kuyachemsha maji nao umeokolewa. Kwa hiyo viwanja kadhaa duniani siku hizi huyaondoa maji hewa kwanza kwa njia nyingine, kisha huyatumia bila kuyapasha moto.

Hatua nyingine zafuata mantiki hiyo hiyo. Barafu haifanywi nene kupita kiasi, kwa kuwa barafu yenyewe huzuia joto lisifike upesi kwenye mabomba. Haipozwi kuliko mahitaji ya mchezo. Dari hutandazwa karatasi za alumini zinazong'aa, ili paa lisiimulike barafu kwa joto lake. Na joto linaloondolewa halitupwi ovyo, bali hupasha maji ya kuogea.

Huenda msomaji akaona kwamba hayo ni ya matajiri wenye michezo ya anasa. Yafaa basi akumbuke asili ya mashine ile ya kuparuza. Aliyeibuni mwaka 1949 huko California ni Frank Zamboni, ambaye yeye na nduguye Lawrence walikuwa wakiuza mapande ya barafu ya kuhifadhia mazao. Mafriji yalipoenea na biashara ikadorora, waliuelekeza ujuzi wao kwenye kiwanja cha kuteleza kilichofunguliwa mwaka 1940. Ujuzi wa kiwanja ulitoka kwa muuza barafu, na hapana kosa ukirejea kwa muuza barafu.

Muuza barafu wetu yuko karibu. Yuko katika soko la samaki la Mji wa Kale, na yuko katika jiko la mama anayegandisha barafu za ukwaju na ubuyu ili watoto wapate kitu cha baridi watokapo shule. Maji ya bomba la Mombasa yakiwa na nyuzi 28, kilo moja hudai kuondolewa kilojuli 451 hivi ndipo iwe barafu, na karibu robo tatu ya hizo hutumika katika kugandisha tu. Kilo moja ya barafu ikiachwa iyeyuke bure juani, imemeza joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji ya uzito huo huo kutoka sifuri hadi nyuzi 80.

Twaweza kulipima hilo kwa samaki. Kwa hesabu tupu, kilo moja ya barafu yatosha kupoza kilo tatu hivi za samaki kutoka nyuzi 30 hadi sifuri. Lakini ushauri wa kawaida wa wataalamu kwa nchi za joto ni kilo kwa kilo. Zile sehemu mbili za ziada zinakwenda wapi? Nyingi huliwa na joto linalopenya katika kuta za sanduku, mfuniko uliopasuka na jua la utosini. Mvuvi hununua barafu ili ampoze samaki, kumbe sehemu kubwa anaipoza Mombasa nzima. Sanduku lenye kuta nene, mfuniko unaoshika na kivuli cha kweli vingempunguzia gharama kuliko kiwanda kipya cha barafu, na samaki wake wangefika sokoni na thamani yao.

Nyumbani nako bandu bandu huisha gogo. Mahali penye nyumba za zamani za Buxton, zilizoanza kubomolewa mwaka 2021, sasa pana maghorofa yenye majiko mengi, na kila friza iliyobanwa ukutani hukosa nafasi ya kulitupa joto lake. Sakitu ikiachwa igande unene wa kidole, hulizuia joto kutoka kama vile barafu nene ya kiwanjani. Na sufuria ya mchuzi ikitiwa ingali na mvuke, ni sawa na kumwagia kiwanja maji ya moto bila sababu.

Wazee wetu hawakuwa na umeme, lakini walilielewa jambo hili kwa vitendo. Kuta nene za matumbawe na vichochoro vyembamba vya Mji wa Kale vililizuia joto mlangoni. Mtungi wa udongo nao ulilitoa: maji yanayopenya katika udongo hukauka kwa nje, na kila kilo inayokauka huondoka na kilojuli 2,400 hivi, takriban mara saba ya zile za kuyeyusha kilo ya barafu. Ni kweli unyevu wa hewa ya pwani huupunguzia mtungi nguvu. Hata hivyo maji yake yalinyweka, na hakuna ankara iliyoletwa.

Lugha nayo ilikuwa na neno lake. Kitenzi "kupoza" chatokana na "kupoa", na kitu hupoa kwa kupoteza joto. Neno hilo laeleza ukweli bila kuongezwa chochote. Leo mwanafunzi hujifunza sayansi kwa Kiingereza darasani, akapasi mtihani wa joto linalojificha wakati wa kuganda, kisha akarudi nyumbani akaamini kwamba baridi inatoka. Si mjinga. Maarifa yake yamewekwa katika chumba kimoja na maisha yake katika kingine, na hakuna aliyemfungulia mlango. Istilahi si kisingizio, kwa maana Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990.

Naomba walimu wa fizikia na wa Kiswahili washirikiane katika somo moja tu. Wachukue mapande mawili ya barafu ya uzito sawa, moja walifunge kwa gunia na jingine waliache wazi, kisha baada ya saa moja wapime maji yaliyotiririka. Kila gramu 100 ni kilojuli 33.4 zilizopenya. Mwanafunzi aandike insha ya matokeo kwa Kiswahili, na wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilicho hatua chache kutoka Buxton, alibuni sanduku bora la mvuvi. Umeme tunaolipia, ukiwemo ule wa mitambo ya mafuta ya Kipevu, ni ghali mno kuutumia katika kulipa kosa la maneno. Tuanze kwa kuirekebisha ile amri ya jikoni: funga mlango, joto linaingia.