Maabara ya Kiganjani na Moyo wa Maskini

Mshipa unaoulisha moyo unapoziba, msuli wa moyo huanza kufa, na protini iitwayo troponini huvuja humo ikaingia katika damu. Zamani kuipima kulihitaji maabara ya hospitali kubwa. Leo matone machache ya damu hutiwa katika kikasha cha plastiki, hupita katika vijia vyembamba kama unywele, na kifaa cha kushikwa mkononi hutoa jibu katika robo saa hivi. Wataalamu huiita maabara katika chipu. Andreas Manz na wenzake waliieleza fikra hiyo mwaka 1990.

Sina ugomvi na ugunduzi huu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini kifaa kilibuniwa kwa kumfikiria nani? Kikasha cha troponini cha i-STAT, kifaa mashuhuri cha aina hii, huhifadhiwa katika jokofu, hutumika mara moja, kisha hutupwa. Tena troponini huchukua saa kadhaa kupanda, hivyo jibu la kwanza lililo safi halimtoi mgonjwa hatarini. Na akikutwa nayo nyingi, pasipo gari la kumfikisha hospitali, tumempa nini zaidi ya hofu?

Linalonisumbua zaidi ni hili. Katika nchi zetu mioyo ya watoto wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayotokana na koo lililoambukizwa bakteria aina ya streptokoki. Huharibika vali, yaani milango ya moyo, polepole, kwa miaka. Kipimo cha troponini hakikuundwa kumtambua mtoto huyo. Penisilini, dawa ya bei nafuu, ikitolewa mapema humkinga.

Tukumbuke pia Theranos ya Marekani, kampuni iliyoahidi vipimo vingi kwa tone la damu la kidoleni. Mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani Januari 2022 kwa kuwalaghai wawekezaji. Kwa mashtaka yaliyowahusu wagonjwa hakutiwa hatiani. Mwenye fedha alisikilizwa. Mwenye kidole kilichochomwa, je?

Kwa hiyo kamati ya afya ya parokia ikiletewa zawadi ya namna hii, iulize kabla ya kupiga makofi: nani atanunua vikasha mwaka ujao? Nani asiye wa kampuni hiyo amethibitisha majibu yake? Mgonjwa atapelekwa wapi usiku huohuo, na kwa nauli ya nani? Kisha wajumbe walifungue kabati la zahanati, waone kama penisilini imo.