Kilele Kikuu au Kilele Kirefu? Istilahi katika Usomaji wa Spektra ya Masi

Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakazi wa Msimbazi hawakungoja kamati ya istilahi ili kulitamka Kiswahili. Wanaolalamika, basi, kwamba spektra, ioni na molekuli ni maneno ya kigeni wanalalamikia jambo dogo. Utohozi ulikuwapo muda mrefu kabla Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili haijatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hatari kubwa zaidi imo katika maneno ya Kiswahili chenyewe, yale yanayodhaniwa hayahitaji ufafanuzi.

Katika spektrometa, elektroni huigonga molekuli, nayo ikapoteza elektroni moja na kuwa ioni. Aghalabu ioni hizo humeguka, na kila moja huonyeshwa kwa uwiano wa masi na chaji yake. Kilele kinachovizidi vingine kwa urefu hupewa thamani ya 100. Mfasiri akikiita "kilele kikuu", mwanafunzi atadhani ndicho molekuli yenyewe, maana kwa Mswahili aliye mkuu ndiye mwenye nyumba. Mafuta ya karafuu, bidhaa isiyokosekana Kariakoo, hayatamsahihisha: katika spektra ya eujenoli, molekuli nzima na kilele kirefu kuliko vyote hukutana kwenye 164. Atafaulu mtihani na kosa lake mfukoni.

Kosa litafichuka kwenye pombe. Ethanoli ina masi ya 46, lakini kilele chake kirefu kiko kwenye 31, baada ya kikundi cha methili chenye masi ya 15 kumeguka. Methanoli ina masi ya 32. Ikipoteza atomu moja ya haidrojeni, nayo hutoa kilele kirefu kwenye 31. Ya kwanza hunywewa. Ya pili hupofusha na kuua. Anayetazama kilele "kikuu" peke yake hawezi kuzitenganisha. Anayetafuta 45 na 46 ataitambua ethanoli.

Kwa hiyo yafaa kiitwe kilele kirefu, na urefu usiahidi zaidi ya urefu. "Ioni mama" nayo ina upungufu, ingawa wengi wataipenda: mama akizaa hubaki mama, ilhali ioni hii ikimeguka haipo tena. Muuza matikiti wa Kariakoo humwuliza mnunuzi kama anataka zima au kipande, na hakuna anayechanganyikiwa. Ioni nzima na kimeguko vingetosha.