Umri wa Mtoto na Mpaka wa Tarehe katika Mpira wa Miguu

Mwanachuo anayepelekwa Wingwi kwa mazoezi ya kufundisha, au kwingineko Pemba, hatakawia kukabidhiwa timu ya mpira. Saa kumi za jioni watoto watamzunguka kiwanjani, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuchagua: nani yumo katika umri uliowekwa na nani hayumo. Wengi huiona kazi hii kuwa ndogo. Sisi twaiona kuwa sehemu ya ualimu, na tena sehemu ambayo mtoto aweza kuumizwa bila ya mwalimu kutambua.

Hatusemi kwamba mipaka ya umri ifutwe. Kijana wa miaka 14 hapaswi kugongana na mtoto wa miaka 10. Lakini kila mpaka una mtu wake wa kwanza na wa mwisho. Tarehe 1 Januari ikiwa ndiyo mpaka, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Disemba huingia kundi moja, hali ya kuwa baina yao upo karibu mwaka mzima. Kwa mtu mzima mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka 10 ni sehemu ya kumi ya maisha yake. Yule wa Januari ni mrefu zaidi, ana mbio zaidi, na mwalimu humwita hodari. Huchaguliwa, hufunzwa zaidi, na mwisho huwa hodari kweli. Mdogo wake huketi pembeni mpaka akauchukia mpira. Na kwa kuwa mwaka wetu wa masomo nao huanza Januari, aghalabu mtoto huyo huyo ndiye mdogo darasani pia. Amepoteza mara mbili.

Sasa natuangalie mpaka unapohamishwa. Tuseme Kombo alizaliwa Septemba, na Hamadi Februari ya mwaka uliofuata. Mpaka ukiwa 1 Agosti, wote wawili wamo katika kundi moja, na Kombo ni miongoni mwa wakubwa. Mpaka ukipelekwa 1 Januari, Kombo hupandishwa akakutane na wenzake waliomtangulia kwa miezi minane, naye Hamadi hugeuka kuwa mkubwa wa kundi lake. Hakuna aliyekua wala aliyedumaa. Kilichobadilika ni karatasi tu.

Jambo hili si la kudhania. Ubelgiji ilihamisha mpaka wake kutoka 1 Agosti kwenda 1 Januari mwaka 1997. Wataalamu waliochunguza timu za vijana waliona waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wakiongezeka, na waliozaliwa Agosti na miezi inayofuata wakipoteza nafasi waliyokuwa nayo. Marekani nayo iliamua mwaka 2015 kufuata mwaka wa kalenda. Baadaye vyama vikubwa vya vijana nchini humo vikaamua kurudi 1 Agosti kuanzia msimu wa 2026/27, ili watoto wa darasa moja wacheze pamoja. Kwa hivyo tarehe haiondoi dhulma. Huihamisha tu kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwengine.

Nasi Wazanzibari tumeyaonja machungu ya tarehe. Mwezi wa Aprili 2018, timu yetu ya vijana, Karume Boys, iliondolewa katika mashindano ya CECAFA ya chini ya miaka 17 nchini Burundi, kwa sababu ilikuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya 1 Januari 2002. Tuzingatie hesabu yake. Kijana aliyezaliwa Juni 2001 alikuwa bado hajatimiza miaka 17 siku hizo, lakini kwa kanuni ile alikuwa amekwishapita. Funzo ni kwamba maneno "chini ya miaka 17" hayatoshi. Mwalimu na aulize tarehe.

Na tarehe yenyewe yataka uangalifu. Wapo wazazi watakaomwambia mwalimu kwamba mtoto alizaliwa Mfunguo Nne, au wakati wa mavuno ya karafuu. Kauli hiyo si ujinga, ni kalenda nyengine. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354, umepungua siku 11 kwa mwaka wa jua. Mtoto aliyehesabiwa Ramadhani 12 amepungukiwa na zaidi ya miezi minne kutimiza miaka 12 ya kalenda ya mashindano. Mwalimu asiyejua hesabu hii aweza kumwonea mtoto kwa nia njema kabisa.

Ama kughushi umri, hilo hatuna udhuru nalo. Tangu mwaka 2009 FIFA hupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Lakini hata pasingekuwa na picha, mtoto aliyefundishwa na mwalimu wake kutaja mwaka wa uongo amefundishwa somo ambalo hatalisahau.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, mwalimu awe na daftari la tarehe za kuzaliwa, lililotokana na vyeti na lililosahihishwa pamoja na wazazi. Pili, kabla ya kumwacha mtoto, alifungue daftari hilo, ajiulize kama anaupima uwezo au anaihesabu miezi. Mpaka ukibadilishwa, awaite watoto na kuwaeleza, ili anayeshuka daraja asidhani kwamba ameharibikiwa. Tatu, mazoezi ya jioni yawe ya wote, na katika mechi za skuli kila mtoto apate zamu yake.

Mashindano yana vikombe vyake, na kikombe ni kitu kizuri. Lakini skuli ya msingi haikujengwa kuchuja, imejengwa kukuza. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kombo wa Septemba akiachwa leo kwa sababu ya miezi minane, nani atakayekwenda kumwita baada ya miaka mitano, miguu yake itakapokuwa imekomaa?