MAMA YUPO HAI, MNAMZIKA KWENYE INSHA YA CHUO? ACHENI HIZO!

Kuna kaka mmoja hapa Dar, wafuasi kibao Insta, kila wiki anaposti kavaa tai: "Vyuo vya Marekani, udhamini asilimia 100, insha tunakuandikia." Vijana wanajaa inbox.

Sasa cheki alichomfanyia binti mmoja wa Mbagala. Binti kamaliza form six, divisheni wani safi. Mama yake anauza vitumbua, kadunduliza laki tatu, kampa kaka. Insha ikarudi: binti ni yatima, analala stendi, anasomea chini ya taa za barabarani. Yaani mama aliyetoa hela, ndani ya insha kashazikwa! Binti kuuliza, akajibiwa, "Wazungu wanataka machozi."

Huo ni uongo, tena wa kijinga. Common App, fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya kule, ina sehemu ya kujaza habari za wazazi. Ukiomba msaada wa ada, wanataka na kipato cha mzazi. Sasa marehemu anauza vitumbua vipi? Na kabla ya kutuma unasaini kwamba yote ni kweli na kazi ni yako mwenyewe. Wakigundua, wanaweza kukufutia nafasi hata kama ulishaipata. Kaka hapotezi kitu, laki tatu kashakula.

Insha yenyewe haizidi maneno 650. Hawashindanishi vilio, wanataka kujua wewe ni nani. Mwalimu akiisoma akakukosoa, sawa. Ila ya kwako iwe ya kwako.

Yule binti tangu darasa la tano ndiye anayeshika daftari la madeni ya vitumbua. Anajua nani kakopa, nani analipa Ijumaa, na nani halipi ila mama anampa tu kwa sababu ana watoto wadogo. Hiyo ndiyo insha! Hakuna mwingine duniani anayeweza kuiandika. Halafu mtu na tai yake anaitupa, anaweka chai.

Kinachouma si laki tatu tu. Binti kaambiwa, kwa hela ya mama yake, kwamba maisha yake ya kweli hayatoshi. Yanatosha sana. Asiyetosha ni huyo kaka.

Haya wadau, ingekuwa wewe ungeituma hiyo insha? Funguka hapo chini.