Mgodi Una Modeli, Zahanati Haina

Kule Gokona, chini ya ardhi ya Nyamongo wilayani Tarime, mwamba haulipuliwi kabla haujachorwa. Hivyo ndivyo mgodi wowote mkubwa wa siku hizi unavyoendeshwa: wahandisi wanaona kwenye kompyuta, kwa pande zote tatu, dhahabu imelala wapi, njia itapinda wapi, hewa safi itaingilia wapi. Kisha ndipo baruti.

Sasa toka getini pale kwenye mgodi huo wa North Mara, ufuate barabara ya vumbi mpaka kijiji chochote cha jirani, ukaangalie zahanati au darasa linalojengwa kwa fedha za mgodi huohuo. Ramani utaikuta kwenye simu ya fundi mkuu, picha iliyopigwa juu ya picha, vipimo havisomeki mpaka uvikuze kwa vidole. Ramani ya umeme ni faili jingine. Ya maji mara nyingi haipo saiti kabisa.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kuhesabu mifuko, nondo, mabati na siku za vibarua, na nimeifanya Tarime na Serengeti, kuanzia Sirari hadi Mugumu. Ninachosema hapa nimekiona kwenye mahesabu, nacho ni hiki: jengo lolote la umma katika wilaya hizi mbili lijengwe kwanza kwenye kompyuta, likiwa zima, na mabomba yake na nyaya zake, kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Programu za kazi hiyo zipo, na wataalamu huziita kwa ufupi BIM. Humo huchori mstari, unasimamisha ukuta. Mlango unajua upana wake, mbao zake na bei yake. Ukisogeza ukuta, idadi ya matofali inabadilika hapohapo, na michoro yote inabadilika nayo. Mbunifu, mhandisi, fundi umeme na fundi bomba wanaweka kazi zao ndani ya jengo moja, na bomba likikutana na nguzo programu inawaonyesha palepale. Sehemu ya historia yake ilianza na mabomba kwelikweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Hungaria, Gábor Bojár na wenzake wa Graphisoft walitengeneza modeli ya mabomba ya kinu cha nyuklia cha Paks, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa ArchiCAD, mojawapo ya programu hizi. Uingereza ilifika mahali pa kuwaamuru wajenzi: tangu Aprili 2016, miradi ya serikali kuu inatakiwa ifanywe kwa utaratibu huu.

Kwa nini jambo hili linanigusa hivi? Katika kituo kimoja cha afya upande wa Serengeti nilimkuta kijana amepiga magoti kwenye jengo la wazazi, tindo mkononi, anatindua mkanda wa chini ambao zege lake lilikuwa limekwisha kukomaa.

“Mura, hapo unakata nondo,” foremani akamwambia.

“Sasa mzee, bomba nilipitishe wapi? Choo kimechorwa huku, shimo liko kule, na chini ya mkanda ni jiwe tupu.”

Wote wawili walisema kweli. Foremani alikuwa na ramani ya mkanda, kijana ana ya choo, na hakuna aliyewahi kuziweka hizo mbili mahali pamoja. Bomba lilipita, nondo zikakatwa. Gharama ya kutindua na kumwaga zege upya haikuwamo kwenye mchanganuo, ikabidi itafutwe kwingine, nayo ikapatikana kwenye vigae vya chumba cha kujifungulia. Sakafu ikaachwa ya saruji. Mama anayejifungulia pale leo hajui kwamba sakafu yake imelipia ramani mbili zisizojuana, na muuguzi anayesugua damu kwenye saruji iliyoanza kuchimbika naye hajui. Mimi najua, na siwezi kunyamaza.

Halafu kuna suala la ardhi yenyewe. Majengo mengi ya umma hufuata ramani za pamoja zinazotoka TAMISEMI, na ramani hizo huchora jengo kana kwamba uwanja ni sawa kama meza. Tarime ni milima. Darasa lililo kwenye mteremko wa futi kadhaa linakula mawe ya msingi na vifusi ambavyo darasa la tambarare halivijui kabisa. Ukishuka upande wa Serengeti unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nao una madai yake kwenye msingi. Mwaka 2021, zilipokuja shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20, liwe mlimani au bondeni. Wenye mlima walifukia fedha chini ya ardhi kabla hawajafika kwenye linta.

Hapa ndipo hoja ya gharama inaponishangaza. Watu husema programu hizi ni ghali, na leseni ya Revit, mojawapo yazo, ni ghali kweli. Lakini ramani ya pamoja inajengwa mara nyingi mno nchini. Modeli yake ikitengenezwa mara moja, kwa uangalifu, gharama inagawanyika kwa majengo yote. Kinachobaki kwa halmashauri ni kupima kiwanja, kuiweka modeli juu ya mteremko halisi, na kusoma msingi utakula nini. Kazi hiyo haihitaji hata Revit: FreeCAD ni ya bure, na ipo lugha ya pamoja ya mafaili, IFC, inayowezesha programu tofauti kusomana. Kazi yenyewe wapo wa kuifanya. Vijana wa mkoa wetu wa Mara waliosoma Chuo Kikuu Ardhi, DIT na MUST wamerudi nyumbani, na baadhi yao wanauza vocha.

Sisemi modeli itazuia saruji kuibwa usiku. Ila chini ya fosi akaunti, yaani kujenga kwa mafundi bila mkandarasi, tuna kamati za wanakijiji: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Kamati ya mapokezi inasimama mbele ya lori bila kujua nondo ngapi zinatakiwa kwa mkanda wa jengo lile, katika mteremko ule. Inasaini. Modeli inatoa hesabu hiyo kwa kila hatua, na mtendaji wa kijiji anaweza kuibandika kwenye ubao wa matangazo, ili mwenye mashaka ahesabu mwenyewe. Fundi mwashi wa kijijini hahitaji kompyuta. Anahitaji karatasi safi inayoonyesha mkanda, bomba na waya katika picha moja.

Tarime ina nafasi ambayo wilaya nyingi hazina. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Huko mezani madiwani huomba madarasa, zahanati, visima, na wanafanya vema. Waombe pia mgodi, ambao una wapimaji na wachora modeli kazini, utoe utaalamu huo kwa ofisi za wahandisi wa halmashauri, na uwafundishe vijana wetu saiti. Kisha kwenye mchanganuo wa kila jengo paandikwe mstari wa kupima kiwanja na kutengeneza modeli, wenye fedha yake, nao ukae juu ya mstari wa saruji. Malipo ya awamu ya kwanza ya vifaa yasitoke mpaka mhandisi, fundi umeme na fundi bomba wawe wameiangalia modeli pamoja na kuisaini.